Mkono wa Baba Shiru

Ujumbe wa Nyambura uliingia nikiwa kazini Kajiado, mashine ya oksijeni ikiwa imefunguliwa mbele yangu na vidole vyangu vikiwa vimejaa vumbi. "Njoroge alituacha Jumapili. Tunamzika Ijumaa hapa nyumbani Kisaju. Nikaona nikuambie." Hakuandika jina lake, na namba sikuijua, lakini sikuwa na haja ya kuuliza ni nani. Niliweka bisibisi mezani nikakaa. Kwa karibu miaka ishirini nimekuwa nikiishi Kitengela na kufanya kazi Kajiado, maana yake ni kwamba kila siku ya kazi napita Kisaju mara mbili. Nyumba ya Njoroge iko upande wa kulia ukielekea Kajiado, nyuma ya maduka. Asubuhi nakaa upande wa kushoto wa gari. Jioni, tukirudi, nakaa upande wa kulia. Wanaosafiri nami wanafikiri nakwepa jua. Sijawahi kumwambia mtu yeyote ninachokwepa, hata mume wangu, na nikikiandika sasa nakiandika kwa sababu aliyepaswa kuambiwa kwanza hayupo tena.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne mwaka nilipokutana na Njoroge. Nilikuwa na stashahada ya ufundi wa vifaa vya hospitali na mkataba wa mwaka mmoja katika mradi wa utafiti, na chumba cha kukodi Kitengela chenye dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Ofisi yetu Kajiado ilikuwa chumba kidogo nyuma ya mahali pa mazoezi ya viungo ya wagonjwa, kilichonukia spiriti na zulia la zamani. Ndani ya kabati la chuma kulikuwa na mkono. Ulikuwa wa bati jepesi na plastiki nyeusi, na kiwiko chenye mota, na vidole vitatu vilivyofumba na kufumbuka. Ulifungwa kwenye ukingo wa meza kwa skrubu kubwa, ukaunganishwa kwa waya na kompyuta, na kutoka kwenye kompyuta zikatoka nyaya nyingine nyembamba zilizoishia kwenye vibandiko vya duara, vya kubandikwa kwenye ngozi. Kazi yake unaweza kuieleza kwa maneno machache, na mwaka ule niliieleza mara nyingi: mtu akitaka kusogeza msuli, msuli ule hutoa umeme kidogo sana, hata kama hauna nguvu ya kufanya kazi yoyote. Vibandiko husikia ule umeme, kompyuta huutafsiri, mota huenda. Mtu aliyepooza mikono lakini akabaki na mabega anaweza kuinua bega, na mkono wa bati ukamletea kijiko mdomoni.

Aliyeongoza mradi aliitwa Daktari Odera, mtu mpole, mwembamba, aliyekuwa na tabia ya kukunja mikono ya shati mara tatu sawasawa kabla hajagusa kitu. Alitaka mtu mmoja wa kuishi na mkono ule nyumbani kwake kwa mwaka mzima, tuone kama unafaa nje ya hospitali, penye vumbi na stima inayopotea. Kulikuwa na fomu ya kurasa nne, kwa Kiingereza, na kazi yangu ilikuwa kuisoma kwa Kiswahili kwa yeyote tutakayemchagua. Namtendea haki Daktari nikisema hivi: aliniambia zaidi ya mara moja nisome kila neno, na mtu asipoelewa nirudie. Katikati ya ukurasa wa tatu kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba kifaa ni mali ya mradi na kitachukuliwa mwaka ukiisha. Familia mbili za kwanza niliwasomea sentensi hiyo. Ya kwanza walisema watafikiria, hawakurudi. Ya pili, kule Isinya, mke wa mgonjwa alinikatiza hapo hapo. Aliniuliza, bila hasira, kama ningeweza kumpa mtu mkono halafu nije kumkata. Nilirudi ofisini, Daktari akaniambia kwamba tusipopata mtu kufikia mwisho wa mwezi kifaa kitapelekwa kwingine, na hapo mkataba wangu utakuwa hauna kazi ya kufanya. Hakunitisha. Alisema tu jinsi mambo yalivyokuwa.

Njoroge alikuwa wa tatu. Alikuwa na miaka arobaini, alikuwa mchonga mawe katika machimbo ya Kitengela, na miaka mitatu kabla ya hapo ukuta wa mawe ulikuwa umemporomokea na kumvunja shingo. Alibaki na uso, sauti, na mabega mawili ambayo aliweza kuyainua kidogo. Mkewe alikaa naye mwaka mmoja kisha akarudi kwao Murang'a na mtoto wao, Shiru, na ndipo dada yake mdogo, Nyambura, akaja kumtunza. Nilipofika mara ya kwanza ilikuwa saa saba mchana. Nyumba ilikuwa ya chumba kimoja na nusu, ya mawe ambayo Njoroge aliyachonga mwenyewe akiwa mzima, haijapigwa plasta ndani, kwa hiyo ungeona alama za patasi kila mahali, mistari sawasawa kama mtu amechana nywele. Kitanda kilikuwa karibu na dirisha. Mama Naisiae, jirani wa Kimasai aliyewaletea maziwa, alikuwa ameketi kwenye mtungi wake wa plastiki mlangoni. Alinisalimu, "Sopa," nikajibu "Hepa" kama nilivyofundishwa, akacheka matamshi yangu. Nyambura alikuwa akimlisha kaka yake githeri kwa kijiko. Alipuliza kila kijiko, akakionja kwa mdomo wa juu, akampa. Njoroge aliponiona alifunga mdomo. Punje moja ya mahindi ilikuwa imebaki kwenye kidevu chake na hakuwa na namna ya kuiondoa. Alimwambia Nyambura jambo kwa Kikuyu, na Nyambura akaniomba kwa adabu nisubiri nje mpaka amalize.

Nje, Mama Naisiae alinieleza yaliyobaki, kwa sauti ya chini. Yule msichana, alisema, hajala chakula moto tangu aje hapa. Anamlisha kwanza huyu, akimaliza chake kimeganda. Na alikuwa na mchumba Naivasha, seremala, ambaye alikuwa akingoja. Mama Naisiae alisema wanaume wa kungoja miaka miwili hawako wengi. Nilimsikiliza huku nikitazama mfuko wangu wenye fomu. Ninajua kwamba uamuzi wangu niliufanya pale kwenye kivuli cha ukuta, kabla hata sijaingia tena. Kwa miaka mingi nilijiambia niliufanya kwa huruma. Huruma ilikuwepo. Lakini kulikuwa pia na kodi ya chumba changu, na hamu ya fundi kijana ya kuuona mkono ukifanya kazi, na sura ya yule mama wa Isinya ambayo sikutaka kuiona tena kwa mtu mwingine.

Niliweka mkono mezani ili Njoroge auone, kisha nikasoma. Nilisoma ukurasa wa kwanza wote, na wa pili. Nilimwambia kwamba vibandiko vinaweza kuwasha ngozi, kwamba anaweza kujitoa wakati wowote, kwamba jina lake halitatajwa. Nyambura alikuwa amepiga magoti sakafuni akifuata kila neno. Nilipofika katikati ya ukurasa wa tatu macho yangu yaliiona ile sentensi, mdomo wangu ukanyamaza kama mtu anayevuta pumzi, na nikaendelea na mstari uliofuata. Hakuna aliyejua. Njoroge aliniuliza swali moja tu, kama mkono ule unaweza kujikuna pua. Nilisema unaweza. Alifumba macho. Kwa kuwa hakuweza kuandika, Nyambura alikishika kidole gumba cha kaka yake, akakibonyeza kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi. Njoroge hakuhisi chochote. Alikuwa akinitazama mimi.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya jasho. Nilikwenda kila Jumanne na Ijumaa. Nilinyoa nywele za mabegani, nikasafisha ngozi kwa spiriti, nikabandika. Kwenye kompyuta ulitokea mstari uliolala, na kila Njoroge alipoinua bega mstari uliruka kama nyasi zilizopigwa na upepo. Mwanzoni tulitumia bega moja na shavu moja, bega la kufumba vidole, shavu la kuinua kiwiko. Ilikuwa siku ya tatu tulipogundua ujinga wetu: mtu akitafuna, shavu hufanya kazi. Njoroge aliuma kijiko cha kwanza na mkono ukaondoka nacho kuelekea darini, ukatawanya maharagwe kwenye kalenda ya kanisa. Tulihamisha kibandiko juu ya nyusi. Lakini alipocheka nyusi zilipanda, na hicho kioja kilimfanya acheke zaidi, na mkono ukawa ukipanda na kushuka kama mtu anayesimamisha magari barabarani. Nyambura aliketi chini akalia kwa kicheko. Mwishoni tulitumia mabega yote mawili, na ilibidi Njoroge ajifunze kuinua moja bila kuliamsha la pili, kazi ngumu kuliko inavyosikika. Ijaribu. Aliifanya kwa subira ya mtu aliyetumia maisha yake kugonga jiwe lile lile pahala pale pale mpaka lipasuke. Alikuwa akiniita Daktari, nami sikumsahihisha. Nilimwita Baba Shiru.

Ilikuwa mwezi wa tano alipokula mlo mzima mwenyewe. Ulikuwa ugali na sukuma, ugali uliokatwa vipande vidogo na Nyambura, kila kipande kimewekwa pembeni ya sahani mahali ambapo vidole vya bati vingeweza kukifikia. Nilitaka kusimama karibu niandike saa na dakika, lakini Njoroge alisema anataka jambo kwanza. Alimwambia dada yake ajipakulie sahani yake, akae mkabala naye, waanze pamoja. Nyambura alisema atakula baadaye. Njoroge akasema hapana, sasa. Basi wakala. Mota ilikuwa ikilia, ikanyamaza, ikalia tena. Njoroge alidondosha vipande vinne na hakuna aliyeviokota. Niliona mvuke ukipanda kutoka kwenye sahani ya Nyambura, na nikaona Nyambura akiutazama ule mvuke kabla ya kuanza. Daftari langu la siku hiyo halina saa wala dakika. Nikikumbuka mwaka ule najaribu kuanza na mlo huo, kwa sababu ulikuwa mzuri na ulitokea kweli, na hakuna nilichofanya baadaye kinachoweza kuufuta. Lakini kumbukumbu haikai pale ninapoiweka.

Mwezi wa sita nilikuwa nimeinama nyuma ya jiko la nje, nikisafisha betri ya gari tuliyoitumia stima ikipotea, nikasikia Nyambura akiongea na mwanamume. Mwangi, yule seremala, alikuwa amekuja kutoka Naivasha. Sikuona nyuso zao, nilisikia sauti tu. Mwangi alikuwa akisema jambo refu, polepole, kama mtu anayepima ubao, na sehemu kubwa sikuisikia. Nyambura alimjibu kwamba mambo yamebadilika, kwamba akina mama wa kanisa wamekubali kuja asubuhi na jioni kumwosha Njoroge na kumgeuza, na Mama Naisiae yuko karibu. Tatizo lilikuwa katikati ya siku, chakula na maji, na hilo sasa limekwisha. Aliposema limekwisha sauti yake ilipanda kidogo. Jioni ile alinisindikiza mpaka barabarani. Tulikuwa tumezoeana, alikuwa amenizidi miaka mitano na aliniita kwa jina langu, Nekesa. Aliniuliza akitazama mbele.

"Hii mkono, Nekesa. Naweza kuitegemea?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Tulikuwa wawili, hakukuwa na fomu, hakukuwa na wino. Nilimwambia mota ni nzuri, haijaonyesha shida yoyote. Lilikuwa jibu la kweli kuhusu mota. Nyambura aliitikia kwa kichwa, akaniaga, na mwezi wa saba akaenda Naivasha na sanduku moja. Harusi ilipangwa Desemba.

Miezi ile minne Njoroge aliishi kama mtu mwenye nyumba. Akina mama wa kanisa walimbandika vibandiko asubuhi, niliwafundisha mimi, na baada ya hapo mchana ulikuwa wake. Alifungua na kufunga redio. Alikunywa chai kwa mrija saa aliyotaka. Alijikuna pua, na alikiri kwangu kwamba siku za kwanza alikuwa akijikuna hata pasipowasha. Siku moja nilimkuta ameunyoosha mkono mpaka ukutani, vidole vya bati vikigusa alama za patasi. Alisema hawezi kusikia jiwe, lakini anasikia bega likifanya kazi, na hiyo ilimtosha. Alizungumza juu ya Shiru kuja likizo. Alizungumza juu ya mwaka ujao, na mwaka utakaofuata. Kila alipofika kwenye mwaka ujao nilipata kazi ya kufanya kwenye nyaya. Nilianza kupunguza muda wa kukaa. Nilikataa chai, mimi niliyekuwa nakunywa vikombe viwili hapo, nikasema nawahi gari. Daktari Odera alikuja mara moja na wageni, akafurahi sana, akamshukuru Njoroge kwa mikono miwili. Nilisimama katikati yao muda wote, nikitafsiri, nikiogopa mmoja wao asije akasema neno kuhusu mwisho wa mwaka. Hawakulisema. Nilikuwa nimekuwa mlango, na nilikuwa nimejifunga.

Mwezi wa kumi na moja Daktari aliniambia wakati umefika. Aliniuliza, "Anajua, sivyo?" Nikasema anajua. Akauliza kama anahitaji kuja, kwa heshima, amshukuru tena. Nikasema nitakwenda peke yangu, ndivyo Baba Shiru angependa. Sijui kama Daktari angefanya lolote kama angejua. Kifaa kilikuwa kimeahidiwa mahali pengine, na vibandiko vyenyewe vilikuwa vinaagizwa kutoka nje na vilikuwa vinakwisha. Lakini angekwenda mwenyewe kumwambia. Hilo nina hakika nalo.

Nilifika asubuhi, kabla hajala. Uji ulikuwa mezani kwenye kikombe chake. Nilipoanza kulegeza skrubu ya meza Njoroge aliniuliza kuna nini, na nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa nimeyarudia maneno ya kweli njia nzima kutoka Kitengela. Nilifungua mdomo nikasema mkono unakwenda kufanyiwa marekebisho. Akauliza utachukua muda gani. Nikasema si muda mrefu. Aliridhika. Alinisaidia, ikiwa unaweza kuamini, alishusha bega la kushoto ili vidole vifumbuke na nyaya zisikwame. Niliutia mkono kwenye sanduku lake, nikabandua vibandiko, nikampangusa spiriti. Kisha nikakumbuka uji. Nikachukua kijiko nikamlisha, mara ya kwanza na ya mwisho kumlisha, na alikula bila aibu, kwa kuwa alifikiri ni kwa siku chache. Aliniambia nisiwe na haraka na hayo marekebisho, mradi ukirudi uwe na nguvu zaidi.

Sikurudi. Mkataba uliisha, nikapata kazi katika hospitali ya Kajiado ambako niko mpaka leo. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata nilikutana na Mama Naisiae sokoni. Alinisalimu kama kawaida, kisha akanieleza kama mtu anayefikiri unajua nusu ya habari. Akina mama wa kanisa walijaribu wiki chache, lakini kila mmoja alikuwa na nyumba yake, na mchana hapakuwa na wa kukaa. Njoroge alikuwa akipitisha saa nyingi bila maji. Alipata kidonda mgongoni. Nyambura aliitwa kutoka Naivasha wiki mbili kabla ya harusi, akasema ni kwa muda tu. Mama Naisiae aliniuliza marekebisho yanaendeleaje. Nilisema yanaendelea. Baadaye, mwaka mwingine, nikasikia kwamba Mwangi ameoa mtu wa Gilgil. Nilifikiria mara nyingi kushuka Kisaju. Nilipoolewa nilifikiria, nilipojifungua nilifikiria. Mtu akikawia mwezi mmoja ana sababu, akikawia mwaka anahitaji ujasiri, na mimi sikuwa nao. Nilibadilisha kiti cha gari.

Ijumaa nilishuka. Hema lilikuwa limepigwa mbele ya nyumba, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyotazamia. Shiru alikuwepo, mwanamke mzima sasa, ana paji la uso la baba yake. Nyambura nilimtambua kwa mwendo. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi na mgongo ulikuwa umepinda kidogo upande mmoja, mgongo wa mtu aliyegeuza mwili wa mtu mwingine kitandani kila usiku na mchana kwa miaka ishirini. Wauguzi walioujua mwili wa Njoroge waliniambia baadaye kwamba watu wa jeraha lile hawaishi hivyo, kwamba kuishi kwake kulikuwa kazi ya mikono ya dada yake. Wakati wa kumsifu marehemu, mzee mmoja wa kanisa alisimulia mwaka ambao Njoroge alikula kwa mkono wa mashine. Alisema yule msichana aliyeuleta yuko hapa. Akaniomba nisimame. Nilisimama, na watu wakanipigia makofi.

Baada ya maziko nilimfuata Nyambura jikoni. Alikuwa peke yake kwenye kigoda, akikwangua ukoko wa wali kwenye sufuria kubwa, moshi ukizunguka. Alinikaribisha kana kwamba tulionana juzi. Aliniuliza watoto wangapi. Kisha, bila mimi kuuliza, akaanza kunisimulia habari za Njoroge, jinsi alivyokuwa akifanya mazoezi. Kila asubuhi baada ya chai alikuwa akiinua bega la kulia peke yake, kisha la kushoto peke yake, akihesabu. Alisema mkono ukirudi usimkute amesahau. Niliuliza alifanya hivyo kwa muda gani. Nyambura alifikiri.

"Miaka miwili hivi. Siku moja akawacha. Sikumuuliza."

Nilikaa kwenye gunia la makaa. Nilimwambia. Nilimwambia kwamba iliandikwa tangu siku ya kwanza kwamba mkono utachukuliwa, na kwamba niliona maneno hayo nikayaruka, na kwamba hakukuwa na marekebisho yoyote. Nilisema haraka na vibaya. Nyambura hakuacha kukwangua. Nilifikiri hakusikia, mpaka aliponiuliza yalisemaje, hayo maneno. Nikamwambia, kifaa ni mali ya mradi na kitachukuliwa mwaka ukiisha.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Akaweka mwiko chini.

"Njoroge angekubali," alisema. "Hata ungemwambia ni wiki moja, angekubali. Angekula hiyo wiki na afurahi, na ajue inaisha." Alifuta moshi machoni kwa kiganja. "Na mimi ningejua. Mwangi alikuwa amesema atahamia hapa. Ile siku alikuja, ndiyo alikuja kuniambia. Alikuwa ameshaona mahali pa karakana, hapo barabarani. Nikamwambia hakuna haja, mkono uko. Na ulipoenda marekebisho nikamwambia angoje, unarudi."

Nilianza kusema jambo, sijui lipi, pengine pole. Aliinua kiganja, si kwa ukali, kama mtu anayekuzuia usimwongezee chakula. Aliniambia yeye si wa kuambiwa hayo leo. Aliyekuwa wa kuambiwa alikuwa hapa miaka yote, hakuhama. Nje mtu alikuwa akiita sahani zaidi. Nyambura alisimama kwa kushika ukuta, akapanga sahani mkononi, na mlangoni akageuka akaniambia niitoe ile sufuria nyingine motoni, chakula kisiungue, watu bado wanakuja. Nikaitoa.